Rangi ya Sauti na Uteuzi wa Ala: Uhakiki wa Dai la "Besi Imo Vidoleni" kwa Kuzingatia Muziki wa Bwesumbu

Makala haya yanahakiki dai lililozoeleka miongoni mwa wapigaji wa gitaa la besi, kwamba sauti ya mpigaji imo vidoleni mwake na ala ni chombo tu. Dai hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Hoja yetu ni kwamba kuteua ala ni hatua ya kwanza ya utunzi, na kwamba kulipuuza jambo hilo kuna gharama kwa vikundi vya muziki vya milimani, kama vile vya Bwesumbu wilayani Kasese.

Tuanze na istilahi. Wapigaji husema "toni" wakimaanisha namna sauti inavyosikika: nene, kavu, angavu au ya kufifia. Katika isimu, toni ni tofauti ya kidatu inayobadili maana ya neno. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Lukonzo, lugha ya Wakonzo, inayo. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili kuhusu wimbo wa Lukonzo akilitumia neno hilo kwa maana zote mbili, msomaji hatajua kama anazungumzia lugha au ala. Hivyo, tunatumia "kidatu" kwa ujuu na uchini wa sauti, na "rangi ya sauti" kwa sifa inayotofautisha ala mbili zinazopiga noti ileile.

Rangi hiyo hutokana na mambo yanayopimika. Gitaa la Fender Precision, lililotolewa mwaka 1951, lina urefu wa uzi wa inchi 34. Höfner 500/1, ambalo Paul McCartney alilinunua Hamburg mwaka 1961, lina takriban inchi 30 na mwili wenye uwazi ndani. Uzi mfupi huhitaji mkazo mdogo kufikia kidatu kilekile, na mlio wake huwa laini zaidi. Mahali pa kinasa cha sumaku nako kuna uzito: kikiwa karibu na shingo, sauti ya msingi hutawala, kikiwa karibu na daraja, mitetemo ya juu inayoambatana na msingi husikika zaidi. Nyuzi zenye uso bapa hutoa sauti butu kuliko zile za uso wa mviringo.

Watetezi wa vidole humtaja James Jamerson wa Motown, aliyepiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mfano huo ni mzuri, lakini unathibitisha pande zote mbili. Jamerson alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha, na kipande cha sponji kilizuia mlio usirefuke. Kidole chake kilizungumza kupitia uteuzi huo. Naye Jaco Pastorius, katika albamu yake ya mwaka 1976, alipiga gitaa lisilo na vigawanyo shingoni. Mtelezo wa sauti yake usingewezekana vivyo hivyo kwenye shingo yenye vigawanyo.

Kwa Wakonzo, fikra hii si ngeni. Endara, marimba yao kubwa, huundwa kwa vibao vilivyolazwa juu ya migomba na kupigwa na wachezaji kadhaa kwa pamoja. Ukubwa wa kibao huamua kidatu. Mgomba ulio laini hukiacha kibao kitetemeke, ilhali kukilaza juu ya kitu kigumu hukiua mlio. Muundaji wa endara hatenganishi mti, mahali pa kulaza na mkono wa mpigaji. Uhakiki wetu wa besi unapaswa kufikia angalau kiwango hicho.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Uzi wa chini kabisa wa besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, kiwango ambacho spika ndogo haziwezi kukitoa ipasavyo. Kupitia spika hizo, sikio huitambua noti kwa mitetemo yake ya juu. Kikundi kinachonunua gitaa lenye sauti "nzito" kwa sababu linasifiwa mjini, kisha kulipigia katika spika ndogo, hupoteza besi yenyewe. Kwa upande mwingine, besi inayovuma bila mipaka katika spika kubwa huweza kuifunika sauti ya mwimbaji wa kiume, ambaye eneo lake la vidatu linaingiliana na la besi. Katika wimbo wa Lukonzo, ambamo kidatu hubeba maana, hasara hiyo huweza kufikia maneno.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, miradi inayofadhili ala kwa vijana ieleze urefu wa uzi, aina ya nyuzi na ukubwa wa spika, badala ya kuandika "gitaa la besi moja". Pili, tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, haja ya istilahi za muziki kwa walimu imeongezeka; kutenganisha toni, kidatu na rangi ya sauti ni pa kuanzia. Tatu, wahakiki wa nyimbo waache kuishia kwenye mashairi. Anayeihakiki besi bila kuitaja ala iliyopigwa anahakiki nusu ya kazi, na mnunuzi wa ala hawezi kunufaika na uhakiki wa aina hiyo.