Kimo, Jamani, Kimo!

Rafiki yangu wa Mikocheni aliivuta kwa mkono mmoja, ikashuka taratibu mpaka karibu kugusa meza, nami nikajikuta nimesimama. Hii ni monita ya namna gani? Si ya mlalo, si ya wima. Inakaribia kuwa mraba, ila imerefuka kidogo kwenda juu: inchi 27.6, pikseli 2560 kwa 2880, uwiano wa 16 kwa 18. Ni LG DualUp, iliyotangazwa mwishoni mwa 2021, na mimi ndiyo kwanza naiona kwa macho yangu. Nimekaa mbele yake saa tatu nzima. Ile ya nyumbani sitaki hata kuiwasha.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua karatasi mbili za A4 nikazishikilia juu ya kioo, ubavu kwa ubavu. Zimeenea! Upana ni sentimita 46 na ushee, karatasi mbili zinakula 42. Na chini yake zimebaki zaidi ya sentimita 22, tupu kabisa, zinanisubiri. Mimi natafsiri mikataba. Basi nikafungua Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kurasa nzima nzima kwa ukubwa wake halisi, na kamusi nikaitandaza chini. Kipanya sikukigusa. Kifungu cha kumi na mbili kilikuwa pale pale, mkabala na mwenzake, na macho yanavuka tu.

Dukani watu huuliza kwanza, "Ni 4K?" Swali zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni umbo. Monita ya inchi 24 ya 16 kwa 9, hii iliyojaa maofisini, ina kimo cha sentimita 30 hivi. Ondoa vitufe vya juu, ondoa upau wa chini, hata A4 moja haikai nzima! Umbo hilo limetoka sebuleni. Monita zilikuwa 4 kwa 3, zikaja 16 kwa 10, kisha kuelekea 2010 viwanda vikahamia kwenye umbo la runinga, kwa kuwa kukata vioo vya namna moja ni nafuu. Tukapewa upana, tukanyang'anywa kimo. Na kazi ya anayeandika, ya mhasibu mwenye jedwali refu, ya mtunga programu, yote hushuka chini, haiendi pembeni.

Ukishajua umbo, ndipo uhesabu pikseli, tena uzihesabu pamoja na inchi. Pikseli 1920 kwa 1080 kwenye inchi 24 ni 92 kwa kila inchi, zinatosha. Zitandaze hizo hizo kwenye inchi 27, zinabaki 82, na herufi zinaanza kuota meno. Kwa inchi 27 tafuta 2560 kwa 1440, utapata 109. Hii DualUp inakaribia 140! Niliinama mpaka pua ikakaribia kioo, nikautazama mkia wa herufi g: umepinda laini, kama wino kwenye karatasi nzuri.

Na mechi je? Hapa ndipo nilipopiga makofi. Nusu ya juu ni 2560 kwa 1440 kamili, yaani 16 kwa 9, na nusu ya chini vivyo hivyo. Mpira umejaa juu ukingo kwa ukingo, mkataba unaendelea chini. Unaweza hata kuchomeka kompyuta mbili, kila moja ikapewa nusu yake. Waya mmoja wa USB-C unapeleka picha na papo hapo unaichaji laptopu kwa wati 90.

Kasi ya DualUp ya kubadilisha picha ni hezi 60, kwa hiyo mcheza gemu za mbio atafute nyingine. Mhariri wa video namshauri 21 kwa 9, iliyolala kama mkeka. Na anayependa kimo lakini hiki kimemzidi, BenQ RD280U ina 3 kwa 2, inchi 28.2, pikseli 3840 kwa 2560, nayo imetengenezwa mahsusi kwa watunga programu.

Mimi nimeshaichagua DualUp. Haisimami kwa mguu. Inashikwa na kibano kwenye ukingo wa meza, na meza yangu imebanwa ukutani, ubao wake mwembamba. Fundi seremala nimeshampigia. Anakuja kesho saa mbili na futi yake.