Fimbo ya Zakaria

Katika riwaya ya Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi atuonyesha baba mmoja wa Ukerewe, Zakaria, ampigaye vikali binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Hoja yake ni ya maadili: mwana wa kike sharti alindwe. Wahakiki wengi humtupa Zakaria upesi, kwa kuwa ni mlevi asiyetenda ayaamrishayo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Unafiki ni aibu ya msemaji, wala hauvunji hoja. Tumchukulie Zakaria kuwa mtu safi asiyeonja pombe: je, fimbo yake ingekuwa halali?

Hoja ya namna hii ina nguzo mbili. Ya kwanza yasema kwamba mimi nalijua lililo jema kwa mwenzangu. Ya pili, kwamba kujua huko kwanipa haki ya kumlazimisha. Nguzo ya kwanza yaweza kuwa imara. Zakaria hakukosa kuiona hatari, na riwaya yenyewe yamshuhudia. Nguzo ya pili ndiyo iliyooza. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walisema kufunzwa, hawakusema kufungiwa. Rosa alilindwa bila ya kufunzwa. Alipofika mahali ambapo fimbo haikufika, hakuwa na chochote chake mwenyewe cha kumwongoza.

Hoja hiyo haikukaa nyumbani kwa Zakaria peke yake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa jina la utamaduni wa taifa. Riwaya nayo, ilipotoka, ilizuiwa shuleni kwa kuhofiwa kuwaharibu wanafunzi. Waliozuia walikuwa na nia njema. Lakini waliifanyia riwaya kama Zakaria alivyoifanyia barua. Baadaye ilikuja kusomwa katika shule za Tanzania na Kenya, na wanafunzi wakapewa nafasi ya kuipima wenyewe.

Walakini mwandishi naye ana deni. Anguko la Rosa ni la kasi mno. Kutoka katika hofu aingia moja kwa moja katika upotovu, na mwisho ajiua. Hapana kituo kati ya mawili hayo. Msomaji mwenye moyo wa Zakaria aweza kufunga kitabu akisema, “Mwaona? Kamba ilipolegea, aliangamia.” Riwaya ingekuwa na nguvu zaidi lau ingalituonyesha binti mmoja aliyepewa hiari akaitumia vizuri, au hata vibaya kidogo, kisha akajirudi. Bila ya mfano huo, hoja ya baba haikujibiwa, imeadhibiwa tu.

Hata hivyo, Kezilahabi alilijua swali lenyewe. Baada ya mauti awasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, washitakiane. Huko Zakaria hana fimbo. Ana maneno tu, na Rosa ana maneno yake. Yafaa tuulize kwa nini baraza hilo lilingoja kaburi. Wema usioweza kumshawishi mtu aliye hai na huru, hata ukitiiwa, huwa ni utii tu, na utii hukoma mlinzi anapogeuka.