Ruhusa Mbili kwa Safari Moja

Fayawoli ni mashine inayokaa kati ya mitandao na kuamua pakiti ipi ya data ipite na ipi izuiwe. Fayawoli kubwa za siku hizi hugawanyika. Mashine moja, iliyochukua nafasi moja katika kabati la seva, hufanywa fayawoli kadhaa zinazojitegemea, kila moja na milango yake, kanuni zake, wasimamizi wake na rekodi zake. Kila sehemu huitwa mfumo pepe. Msimamizi wa mfumo mmoja haoni kanuni za mwenzake, wala pakiti ya upande huu haijipenyezi upande ule. Ufundi unaostahili kusifiwa hapa ni wa kuifanya mifumo iliyotengwa kwa makusudi izungumze bila kuiondolea utengano wake.

Faida ya kugawa huonekana upesi katika shughuli za kaunti. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka 2013, serikali 47 za kaunti nchini Kenya zimekuwa na mambo mengi chini ya paa moja: zahanati, ushuru wa soko, leseni za biashara, mishahara. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Karani wa ushuru hana sababu ya kuona majibu ya vipimo vya mgonjwa, na daktari hana haja ya kufungua vitabu vya mapato. Kununulia kila idara fayawoli yake ni gharama. Kuziweka zote nyuma ya fayawoli moja isiyogawanywa ni kuzichanganya. Mifumo pepe huondoa shida zote mbili.

Hata hivyo, idara haziishi kama visiwa. Mgonjwa akilipa ada, zahanati ndiyo inayopokea na idara ya fedha ndiyo inayohesabu. Njia ya kienyeji ya kuziunganisha ni kuvuta waya kutoka mlango wa mfumo wa kwanza hadi ruta iliyo nje, kisha kuurudisha katika mlango wa mfumo wa pili. Inafanya kazi, lakini inakula milango miwili, na inaongeza kifaa kimoja zaidi kinachoweza kuharibika usiku. Ni sawa na mpangaji wa ploti anayetoka getini, akazunguka barabarani na kuingia tena getini ili tu amfikie jirani wa mlango wa pili, ilhali angekatiza uani na kubisha hodi.

Kenya iliwahi kulipia mzunguko wa aina hiyo kama taifa. Kabla ya mwisho wa mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo humo ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ndipo ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP. Baada ya wiki chache kilifungwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa. Kilirudi kazini Februari 2002. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja kwa setilaiti ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kilichoonekana Nairobi ndicho kinachoonekana ndani ya fayawoli: mawasiliano ya majirani yakibaki nyumbani, huenda haraka na huwa na mikono michache ya kupitia.

Hatua za kazi zinaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme zahanati iliyo Kabazi, katika eneobunge la Subukia, imeunganishwa kwa faiba na kituo cha data jijini Nakuru. Kompyuta ya karani wa malipo ina anwani 10.21.4.37 na iko katika mfumo pepe wa Afya. Seva ya mapato ina anwani 10.32.8.15 na iko katika mfumo pepe wa Fedha. Karani anatakiwa kuifikia seva hiyo moja, kwa mlango namba 443 unaotumika kwa tovuti zilizosimbwa, na si kitu kingine chochote cha Fedha.

Katika fayawoli za Palo Alto Networks, hatua ya kwanza ni kuruhusu mifumo hiyo miwili ijuane, kwa kuwa tangu mwanzo kila mmoja umefichwa mwenzake. Hatua ya pili ni kuunda kanda ya nje katika kila mfumo. Kanda ni jina ambalo kanuni hulitumia kutaja pakiti inatoka wapi na inakwenda wapi. Kanda za kawaida hufungwa kwenye milango; hii haina mlango wowote, imefungwa kwenye jina la mfumo wa jirani. Hatua ya tatu ni njia. Kila mfumo ukiwa na ruta pepe yake, yaani sehemu inayoamua pakiti ielekee wapi, ruta ya Afya huambiwa kwamba anayetafuta 10.32.8.15 apelekwe kwa ruta ya Fedha, na ruta ya Fedha huambiwa kwamba majibu ya kwenda 10.21.4.37 yarudi kwa ruta ya Afya. Mifumo ikitumia ruta pepe moja, hatua hii haihitajiki. Fayawoli za Fortinet hufikia lengo hilo hilo kwa jozi ya milango ya kubuni, mmoja kila upande.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha ufundi. Kanuni moja haitoshi. Mfumo wa Afya lazima uwe na kanuni ya kumruhusu karani atoke kuelekea kanda ya nje, na mfumo wa Fedha lazima uwe na yake ya kumruhusu aingie kutoka kanda ya nje hadi kwenye seva. Upande mmoja ukikataa, hakuna safari. Mkuu wa Afya hawezi kujifungulia mlango wa Fedha, wala Fedha haiwezi kumvuta mtu wa Afya bila Afya kuridhia. Pakiti ya karani huandikwa katika rekodi za pande zote mbili, kwa hiyo siku ya ukaguzi kila idara ina ushahidi wake.

Fundi hodari hujulikana kwa anavyosoma rekodi hizo. Kosa linalojirudia zaidi ni kusahau njia ya kurudi. Kanuni zote mbili huonyesha kwamba safari imeruhusiwa, lakini ukurasa kwenye kioo cha karani unazunguka tu bila kufunguka. Fundi mchanga huanza kuchokoa kanuni. Aliyekomaa hutazama safu ya baiti: zilizotumwa zipo, zilizopokewa ni sifuri. Hapo hana haja ya kugusa kanuni hata moja. Anakwenda moja kwa moja kwenye ruta pepe ya Fedha kutafuta njia iliyokosekana.

Tatizo jingine ni anwani kugongana. Katika miaka ya 1990 wasanifu wa intaneti walitenga mafungu ya anwani ambayo kila mtandao wa ndani unaweza kutumia bila kuomba, likiwemo lile linaloanza na 10 na lile la 192.168. Idara mbili zilizojijengea mitandao kila moja kivyake mara nyingi hujikuta zimechagua fungu lile lile. Ruta haiwezi kujua ni yupi anayetafutwa, hivyo fundi hubadili anwani za upande mmoja mpakani hadi mtandao huo upangwe upya.

Kubwa kuliko yote ni kishawishi cha kuandika kanuni ya yeyote kwenda kokote. Simu zinalia, foleni ya wagonjwa inarefuka, na kanuni hiyo humaliza kelele kwa dakika moja. Lakini ukuta wa kati ya idara utakuwa umebomolewa, na virusi vikiingia kompyuta ya zahanati vitakuwa na barabara hadi kwenye mishahara. Sifa ya fundi ni kufungua kwa kipimo cha haja: karani huyu, seva hii, mlango huu.

Kutengana huku kuna mipaka yake. Mifumo pepe hugawana vichakataji vile vile na umeme mmoja. Mashine ikizima, yote huzima. Kwa hiyo huwekwa mashine ya pili ya kushika kazi, na kila mfumo hupewa ukomo wa mawasiliano usije ukamaliza nafasi ya wenzake. Mwisho ni utunzaji. Kila kanuni huandikiwa aliyeiomba, sababu yake na tarehe ya kuipitia upya. Ile ambayo hesabu yake ya matumizi imebaki sifuri huulizwa kwa mwenyewe, na akithibitisha kwamba haina kazi tena, huondolewa pande zote mbili pamoja na njia zake.