Mashine Isiyo na Mpigaji

Wapo watu wadhanio kuwa kazi ya makumbusho ni kuhifadhi vitu vya kale visioze. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, litungu la Wakuria lenye nyuzi nane halihitaji kabati la kioo maadamu yupo mzee wa kulipiga na kijana wa kujifunza kwake. Siku atakapokosekana mpigaji, litabaki mti na ngozi tu, hata likifutwa vumbi kila asubuhi.

Kwa kipimo hicho hicho tuipime mikusanyo ya kompyuta za zamani, zile zilizojaza chumba kizima, ambayo watu wengi huizuru huko ng'ambo. Mara nyingi mgeni huona safu za makabati ya chuma yaliyokufa. Husoma kibao, akapita. Lakini pale Bletchley Park, Uingereza, kompyuta ya Harwell Dekatron, iliyoanza kazi mwaka 1951, ilifufuliwa mwaka 2012 ikahesabu tena mbele ya wageni. Na huko Mountain View, Marekani, mafundi waliirudishia uhai IBM 1401, wakaonyesha jinsi kadi zilivyotobolewa na kusomwa. Hapo mashine imepata mpigaji wake.

Je, sisi? Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila idhini maalumu, amri ambayo baadaye ililegezwa. Hiyo ni historia yetu wenyewe: imo tamaa ya maendeleo, na imo hadhari ya taifa changa lililouliza chombo kigeni kitamtumikia nani. Swali hilo ni sehemu ya utamaduni wetu kama ilivyo ngoma. Hata hivyo, kijana wa Tarime au Mugumu ashikaye kompyuta leo ni rahisi adhani kuwa chombo hicho kilifika nchini juzi tu.

Basi tusianze kwa kudai kabati la kioo. Waliotoboa kadi zile, kama wangali hai, ni wazee sasa. Maneno yao yakusanywe kwanza, chuma kifuate. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa daftari lenyewe limo vifuani mwa watu.