Miguu Kwanza, Kisu Baadaye

Anayejifunza kupigana kwa navaja, kisu cha kukunja cha Wahispania, hukaa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kurusha pigo. Kwanza husimamishwa: magoti malegevu, tumbo limevutwa ndani, mkono mtupu umebanwa kiunoni. Kisha hufunzwa giro, kugeuka juu ya wayo mmoja ili mwili wote uhame na ncha ya mpinzani ipite patupu. Baada ya hapo huja contragiro, kugeuka kwa upande wa pili. Mambo hayo hurudiwa mpaka mapaja yaume, na anayekosa subira huacha mapema.

Mimi naustahi sana utaratibu huo. Umo katika kitabu kidogo kilichochapwa Madrid mwaka 1849, Manual del baratero, ambacho mwandishi wake hakutia jina kamili. Baratero alikuwa mbabe wa kamari. Alisimama karibu na wachezaji, gerezani au uchochoroni, akidai fungu la kila ushindi, na aliyekataa alionyeshwa kisu. Mtu huyo sina sifa za kumpa. Ila ujuzi alioutegemea umeelezwa humo kwa utulivu wa fundi: mwili umegawanywa juu na chini ya kiuno, na kila pigo limepewa jina na njia ya kulikwepa. Zimo hila pia, kama kutupa kofia, kukanyaga chini kwa kishindo, au kutazama pembeni kana kwamba kuna mtu anakuja. Imo hata sehemu ya kupigana kwa mkasi, ule ule ambao Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, walinyolea nyumbu.

Kisu chenyewe kinastahili kutazamwa. Albacete, katika tambarare za La Mancha, ni mji wa mafundi visu tangu karne nyingi zilizopita, na una jumba la makumbusho ya kazi hiyo. Mpini hupinda kidogo, mara nyingi ni wa pembe, na ubapa hujikunja ndani yake. Navaja za aina ya carraca zina meno kwenye kitako cha ubapa. Ukifunguliwa, springi huruka jino hadi jino na kutoa mlio mkavu unaosikika chumba kizima.

Leo watu hujizoeza kwa visu vya mbao au vya alumini butu, wengine wakiviringisha joho mkono wa kushoto liwe ngao, kama zamani. Ukiwatazama wawili waliobobea, utaona muda ukipita bila pigo hata moja. Mmoja husogea nusu hatua, mwenzake hurudi nusu hatua. Wanapimana umbali, na umbali ndio somo lenyewe: aliyeingia bila kujua amekwisha kushindwa, hata kama bado hajaguswa.

Kinachonivutia kuliko vyote ni cambio, kuhamisha kisu kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto katikati ya mwendo. Vidole ni kazi ndogo. Ugumu ni kwamba kwa kitambo kidogo hakuna mkono ulioshika silaha sawasawa, kwa hiyo miguu lazima iwe imeshakutoa mahali pa hatari kabla kisu hakijahama. Bega likitangulia, mpinzani ameshajua. Wapo wanaoirudia hatua hiyo miaka na miaka, polepole, mbele ya kioo, wakilichunga bega hilo moja.