Mkono Uliosikiliza Jiwe

Katika pango la Font-de-Gaume, karibu na kijiji cha Les Eyzies huko kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwongoza wageni hana haraka ya kuonyesha picha. Huinamisha tochi mpaka mwanga uuambae ukuta kwa ubavu, kisha hunyamaza. Ndipo baisani, yule nyati wa zama za barafu, anapojitokeza. Nundu yake ni uvimbe wa mwamba wenyewe. Fundi aliukuta pale, akautambua, akaukamilisha kwa ngeu na weusi. Mbele kidogo yupo farasi ambaye mguu wake wa nyuma umefanywa na chokaa iliyotiririka ukutani.

Lakini walionishika moyo ni reni wawili, wale kulungu wa nchi za baridi. Jike amepiga magoti. Dume mwenye pembe za kujipinda ameinama mbele yake, na ulimi wake unagusa paji la uso la mwenziwe. Ulimi huo umechanjwa kwenye jiwe kwa mstari mmoja mwembamba, bila kusitasita wala kurudiwa. Nimeutazama nikamfikiria aliyeuchanja: alikaa na wanyama hawa nje, kwenye baridi, akawajua hata katika upole wao, kisha akaja gizani kuwachora kwa kumbukumbu tu. Leo tunapiga picha mia kwa simu kabla hatujatazama kitu kimoja sawasawa.

Vifaa vya mafundi hao vilikuwa haba. Katika pango la Lascaux ilipatikana taa ya jiwe jekundu, iliyochongwa ikalainishwa vizuri, ya kuchomea mafuta ya mnyama. Katika pango la Pech Merle, kwenye farasi wenye madoa, rangi ilipulizwa kwa mdomo, na kiganja kikawa kinga ya kuuzuia ukingo usitawanyike. Pumzi ya mtu ndiyo iliyokuwa brashi.

Sisi wa baadaye tumekuja na pumzi ya namna nyingine. Katika pango la Rouffignac, ambako dari imejaa mamathi, wale tembo wa zama za barafu, waliochorwa kwa mistari michache myeusi, wageni wa karne zilizopita waliandika majina yao kwa moshi wa mishumaa, mengine juu ya wanyama wenyewe. Inauma kuyasoma. Aliyeweza kumsimamisha mamathi kwa mkunjo mmoja wa mgongo hakuona haja ya kujitaja.

Lascaux ndiyo iliyoumia zaidi. Michoro yake ya miaka ipatayo 17,000 iligunduliwa na vijana mwaka 1940, pango likafunguliwa kwa umma 1948, na watu wakamiminika. Joto la miili yao, unyevu na hewa waliyoitoa viliotesha mwani wa kijani na kutandaza utando mweupe wa chokaa ukutani. Mwaka 1963 waziri André Malraux aliamuru lifungwe. Miaka 15 ilitosha kutia doa kilichohifadhiwa na giza kwa maelfu ya miaka.

Nakala ya kwanza ya pango hilo ilifunguliwa 1983, imechorwa na Monique Peytral kwa rangi za udongo kama za kale, na kazi yake naiheshimu sana. Hata hivyo, wageni wa kawaida walioiona Lascaux yenyewe wanazidi kuzeeka na kupungua, na wakishatutoka hatutakuwa na wa kumuuliza nakala imekosa nini.