Chupa Zilikubali, Damu Ikakana

Kuanzia 2009 hadi 2012, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walishiriki jaribio lililoitwa VOICE. Lilitaka kujua kama mwanamke asiye na VVU akimeza kila siku kidonge chenye tenofovir, au akitumia jeli ya dawa hiyo, atakingwa na maambukizi.

Kwa macho ya mkaguzi, kazi ilikwenda vizuri. Washiriki takriban tisa kati ya kumi hawakupotea njiani. Walipoulizwa kama wanatumia dawa, majibu yalikaribia asilimia 90, na hata walipowekewa kompyuta iliyowasomea maswali ili wajibu bila kutazamana na mtu, kiwango hakikushuka sana. Hesabu ya dawa zilizorudishwa kliniki ilitoa asilimia 86.

Kisha maabara ikapima damu. Dawa ilionekana katika asilimia 30 ya sampuli za waliopewa vidonge vya tenofovir peke yake, asilimia 29 za waliopewa vidonge vya tenofovir pamoja na dawa nyingine, emtricitabine, na asilimia 25 za waliopewa jeli. Hakuna kundi lililopata kinga ya kuthibitika.

Haikuwa mara ya kwanza. Jaribio la FEM-PrEP, ambalo Bondo nchini Kenya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, lilisimamishwa 2011. Katika jaribio hilo asilimia 95 ya wanawake walisema humeza vidonge mara zote au mara nyingi, na hesabu ya vidonge ikaonyesha 88. Damu ilionyesha chini ya 40. Maambukizi yalikuwa 33 kwa waliopewa dawa na 35 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Tatizo lilijificha wapi, ilhali kila kituo kina wafuatiliaji? Kazi kubwa ya mfuatiliaji kwa desturi ni kulinganisha fomu ya utafiti na kumbukumbu asilia: tarehe zinalingana, saini ya ridhaa ipo, vidonge vilivyoandikwa na mfamasia ndivyo vilivyo kwenye kompyuta. Ni sawa na kukagua duka kwa kulinganisha daftari na risiti zilizoandikwa na mkono uleule. Ukaguzi wa aina hiyo hunasa makosa ya kunakili. Mwanamke aliyemwaga vidonge chooni kabla ya kurudisha chupa haunasi, kwa sababu pale kumbukumbu asilia yenyewe ndiyo isiyo kweli. Na zile njia tatu za VOICE zilizoonekana kuthibitishana zilikuwa na chanzo kimoja: mshiriki mwenyewe.

Baadaye watafiti waliwarudia baadhi yao na majibu ya vipimo vyao mkononi, wakawauliza kulikoni. Walitaja hofu ya madhara, uvumi, wenzi wasiokubali, na aibu ya kukutwa na dawa za ARV ukadhaniwa una virusi. Kwa haki, sioni ni wangapi wangemkatalia waziwazi muuguzi anayewatibu vizuri. Tena dawa yenyewe haikuwa mbovu. Katika jaribio la Partners PrEP, kwa wenzi wa Kenya na Uganda, tenofovir na emtricitabine zilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Huko dawa ilionekana katika takriban sampuli nane kati ya kumi.

Mtandao ulioendesha VOICE ulibadili mbinu katika ASPIRE, jaribio la pete ya ukeni yenye dawa ya dapivirine kwa wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Plazma ya damu ilipimwa jaribio likiendelea, bila kufichua nani ana pete yenye dawa. Lakini plazma nayo ina mwanya: saa nane tu za kuvaa pete zinatosha kuvuka kiwango kilichowekwa kuonyesha kuwa pete inatumika, kwa hiyo anayeivaa asubuhi ya kliniki anaweza kupita. Ndipo pete zilizorudishwa zikapimwa pia. Pete mpya ina miligramu 25 za dawa. Inayorudi karibu imejaa haikukaa mwilini mwezi mzima.

Pete ilipunguza maambukizi kwa asilimia 27. Vituo viwili ambako matumizi na mahudhurio yalikuwa duni vikiondolewa, inakuwa 37. Mimi huanza na 27, kwa kuwa ndani yake wamo hata waliovua pete walipofika nyumbani.